Jina la Esnath Halikuwa Kwenye Orodha ya Leseni

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Adhuhuri ile ya Machi, mwaka 2006, ilimwagika ghafla juu ya stendi, watu wakakimbilia kibaraza cha duka la fotokopi mpaka pakakosekana pa kuweka mguu. Katikati yao alikuwa Esnath, sketi yake ya kitenge imelowa pindo, kompyuta yake ndogo ameificha ndani ya sweta ya zambarau.

"Dada, hiyo mashine ina homa?" sauti ikauliza.

Akageuka. Kijana mrefu, koti la jinzi, kitambulisho cha chuo kikuu kikining'inia shingoni.

"Haina. Ila ikilowa, nitaugua mimi."

Kijana akatoa mfuko wa plastiki. "Tia humu. Naitwa Jotham, fundi wa kompyuta pale chuoni. Nina wiki mbili tu. Wewe unasoma mwaka wa ngapi?"

"Nasoma? Nafundisha isimu, kaka. Mwaka wa nne sasa."

Jotham akashika mdomo. "Nisamehe, mwalimu."

Wakacheka hadi mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akawaambia wasogee, wanazuia njia.

Kufika Mei, simu zao zilikuwa hazipoi.

"Umekula, mpenzi?" Esnath angeuliza.

"Nitakulaje bila wewe?"

"Muongo! Nasikia unatafuna."

"Natafuna mawazo yako."

Esnath alikuwa akicheka peke yake chumbani kwake Ibighi mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama yu mzima.

Juni chuo kikapata leseni ya Windows. Miaka yote mashine nyingi pale zilikuwa zikiendeshwa kwa CD za kunakili, zinazopita mkono kwa mkono. Sasa walimu na wafanyakazi wote wangewekewa mfumo halali, hata kwenye kompyuta zao binafsi wanazofanyia kazi. Sharti lilikuwa moja: awe mwajiriwa. Asiye mwajiriwa, mashine yake ikionekana chuoni na mfumo wa kunakili, ufutwe.

Jumatatu Jotham akakabidhiwa orodha ya majina. Akatafuta la Esnath. Akarudia kusoma, mara ya tatu kwa kidole. Halikuwepo. Akaenda utawala.

"Orodha ndiyo hiyo," karani akasema bila kuinua macho.

Jioni Esnath akapiga simu. "Zamu yangu lini, fundi wangu?"

Jotham akasita. Wamemsahau? Wamemfukuza? Angemwambia nini, na yeye mwenyewe haelewi? "Foleni ndefu, mama. Lete Alhamisi."

Alhamisi Esnath akaileta mwenyewe, kagauni ka maua, tabasamu hadi masikioni. Ndani ya mashine ile kulikuwa na kazi yake ya miaka minne: maneno ya Kinyakyusa aliyoyakusanya kijiji kwa kijiji, na sauti za wazee, baadhi yao wameshazikwa. Jotham akapokea, akashindwa kumtazama.

Ijumaa mkuu wake akatoa amri: mashine zote zisizo kwenye orodha zimalizwe kufutwa leo. Jotham akanakili kazi yote ya Esnath kwenye CD, akahakikisha moja baada ya nyingine, ndipo akafuta. Akapiga simu.

"Esnath, nisikilize. Nimefuta kila kitu kwenye mashine yako, maana jina lako ha..."

Mtandao ukakata.

Esnath akapiga yeye. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Kila kitu? Jina langu ha nini? Akatoka na kandambili hivyo hivyo mpaka chuoni. Ofisi ya Jotham ilikuwa imefungwa, mlangoni imebandikwa orodha. Jina la mlinzi lilikuwepo. La Veronika wa chai lilikuwepo. Lake hapana. Chini palikuwa na tarehe: ya Jumatatu.

Alisimama pale hajui alie kwa lipi kwanza. Kisha akazima simu, akaenda kijijini Kisiba, kwa mama yake.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Jotham alionekana akiteleza kwenye matope, begi kifuani. Akamkuta Esnath uani akimenya ndizi.

"Mfutaji, umefika," Esnath akasema.

Jotham akatoa kompyuta na CD sita. "Kazi yako yote iko hapa. Na humo nimeweka mfumo mwingine, wa bure kabisa. Hauulizi umeajiriwa na nani."

Esnath akafuta mikono, akawasha. Sauti ya bibi mmoja ikatoka, ikitaja majina ya mvua kwa Kinyakyusa. Machozi yakamshuka. Lakini hasira haikuondoka.

"Ulijua tangu Jumatatu."

"Nilijua. Nilidhani wamekosea, nikataka warekebishe kabla hujasikia. Ijumaa ndipo wakaniambia mkataba wako uliisha Aprili, na hakuna aliyeandika mwingine."

"Lakini nimefundisha Mei! Nimesahihisha mitihani! Sasa mimi ni nani pale?"

"Nimewauliza. Hata wao hawajui."

"Na kwako?"

Jotham akaweka begi chini. "Kwangu nataka uwe mke wangu."

"Unanioa kwa huruma?"

"Ingekuwa huruma ningesubiri uwashe simu. Nisingeharibu viatu hivi."

Esnath akajizuia kucheka, akashindwa kidogo. Akarudi kuwa mkali.

"Kesho naenda utawala mwenyewe. Wakinikataa, wanikatae usoni. Wewe usinisemee."

"Sikusemei."

"Na jambo langu, hata liwe baya namna gani, nilijue mimi kwanza."

"Wewe kwanza, Esnath. Nilikosa."

Esnath akampa mkono wenye utomvu wa ndizi. Jotham akaushika kwa mikono yote miwili.

Mama yake akachungulia kutoka jikoni. "Ugonile, baba," akamsalimu mgeni, kisha akamgeukia binti yake. "Huyu ndiye yule aliyefuta?"

"Ndiye, mama."

"Na leo amekuja kufanya nini?"

"Kuposa."

Mama akamwangalia Jotham kuanzia matope mpaka nywele, akaiangalia ile mashine inayoongea Kinyakyusa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa hesabu. Halafu akamsogezea kigoda.

"Haya, akae. Atanieleza polepole."