Fomu ya Kuchagua Shule

Jumapili hiyo, ndugu zangu, ilikuwa tulivu. Lucius Threadgill, mwalimu mkuu ambaye watu weusi wa wilaya moja ya Alabama, kusini mwa Marekani, walimwita Profesa, alikuwa barazani akimenya kunde na mkewe, Ozella. Mara Verdell Mims, mama aliyelima shamba la mzungu, akaingia uani na watoto wanne na godoro.

"Mwenye shamba ametutoa nyumbani," akasema. "Na wewe ndiye uliyeniambia nitie sahihi fomu ile ya shule."

"Ndiyo, dada. Ni mimi."

"Basi sogea nikae."

Serikali ilikwisha kuamuru watoto weusi na weupe wasome pamoja. Wazungu wa bodi ya elimu wakaleta ujanja: kila mzazi ajaze fomu, achague shule mwenyewe. Mweusi aliyechagua shule ya wazungu, jina lake lilimfikia mwajiri wake kabla wino haujakauka. Hayo ndiyo waliyoyaita uhuru, msomaji.

Wiki iliyofuata mawakili wa serikali, walioishtaki bodi ile mahakamani, wakamwomba Profesa atoe ushahidi.

"Shule zikiunganishwa, itafungwa yako, si yao," Ozella akamwambia. "Utakuwa nani?"

"Mzee mwenye tai."

Ozella hakucheka.

Mahakamani, wakili wa bodi alimwita kwa jina la kwanza, kama mtoto. "Lucius, mbona hutaki watu wako wachague wenyewe?"

"Mmoja alichagua. Sasa analala jikoni kwangu." Alikuwa amechoka hata asiweze kukasirika. "Futeni fomu. Serikali iwapange watoto yenyewe, na atakayebisha abishane nayo, si na mama mwenye watoto wanne."

Jaji akaamuru hivyo. Agosti shule ya Profesa ikafungwa, vikombe vya ushindi vya wanafunzi wake vikatupwa jalalani. Yeye akapewa kazi ya kutunza stoo ya vitabu katika shule ya wazungu.

Arneatha, binti wa Verdell, akaja kuchukua kitabu cha hesabu.

"Profesa, hapa ndipo walipokuweka?"

"Ndipo. Chukua."

Msichana akafungua jalada. Maisha yake yote alikuwa amesomea vitabu vilivyochakaa, vyenye majina ya watoto wa kizungu waliovitumia kwanza. Hiki hakikuwa na jina.

"Cha nani?"

"Chako. Nenda, utachelewa."

Funzo

Haki ya mnyonge isingoje sahihi yake. Serikali ikitunga sheria, isimame yenyewe kuitekeleza. Nawe mwalimu, ukiitetea haki hiyo, usidhani utabaki na kiti chako. Itetee hivyo hivyo.