Una Watoto Wangapi?

Mume wangu alichukua kalamu yangu, akamfuta mtoto wetu mbele ya macho yangu!

Ndiyo, mmesoma sawasawa.

Naitwa Kahaso, nakaa Kiembeni. Jumamosi iliyopita nilikuwa na miadi na mshauri nasaha mpya, mara yetu ya kwanza. Nilimtafuta Magongo makusudi, ambako hakuna anijuaye.

Mshauri wangu wa kwanza alikuwa mama wa kanisani kwetu. Nilimfungulia moyo Jumanne. Jumapili nikasikia habari zangu kwenye kipaza sauti...

"Tumwombee dada yetu ambaye hadi leo analalia nguo za mtoto."

Kanisa zima likanigeukia!

Huyu mpya alinitumia fomu niijaze kabla ya kwenda. Nikaichapisha saiba, pale duka la intaneti. Asubuhi ile nikaketi nayo mezani. Jina. Umri. Unalala vipi?

Swali la saba: Una watoto wangapi?

Jamani, nilikaa hapo hadi chai ikapoa.

Mwezi wa pili nilijifungua mvulana, mimba ya miezi tisa kamili. Hakulia. Nami nilipoteza fahamu siku mbili. Nilipozinduka, Menza, mume wangu, akaniambia, "Hospitali imemaliza kila kitu."

Sikumwona. Sikumshika. Hata jina hakuwa nalo.

Nikaandika: Mmoja.

Menza akapita, mswaki mdomoni, akachungulia begani kwangu, akasoma. Akachukua kalamu, akapiga mstari. Juu yake akaandika: Hakuna.

"Menza!"

"Hakulia, Kahaso. Asiyelia hahesabiwi."

"Nilimbeba miezi tisa!"

"Na sasa unaenda kumhadithia mtu baki? Ataona mke wangu amerukwa na akili."

Akampigia mamake aliyeko Kaloleni, akaweka spika.

"Mama, sema na huyu."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu yaache hayo. Utapata mwingine. Huyo Tinga mwache alale, usimsumbue."

Tinga?

Tinga ni marehemu baba yake Menza. Na kwetu mnajua, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba.

"Tinga gani, mama?"

Menza akanyosha mkono kuichukua simu.

"Mama, Tinga gani?!"

Menza akaikata simu.

"Mlimpa jina," nikasema.

"Kahaso..."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Nyuma ya nyumba ya mama, kando ya baba. Wazee walisema ukiliona kaburi hutazaa tena. Nilikuwa nakukinga."

"Mlikuwa wangapi?"

Akainamisha kichwa.

"Ishirini hivi. Ndugu na majirani."

Watu ishirini walimzika mwanangu! Walimwita kwa jina, wakamfukia, wakarudi wakanawa mikono. Kisha mimi, mimi niliyemzaa, nikaambiwa hayupo!

Nikampigia mavyaa mwenyewe.

"Umeniibia, mama! Umeniibia mwanangu, ukaniibia na kilio chake!"

"Kahaso! Mimi ni mamako!"

"Na mimi ni mama Tinga!"

Nikakata. Nikalia hadi sauti ikaisha. Kisha nikanawa uso, nikaenda Magongo. Tuliyosemezana mle ndani yabaki mle ndani.

Dada yangu unayesoma hapa, ukiambiwa "tumemaliza kila kitu", uliza wamemalizia wapi. Uliza siku hiyohiyo, hata kama huwezi kuinuka kitandani. Huruma inayokuficha mwanao si huruma.

Jana Menza alikuja na ujumbe wa wazee. Eti nimemtukana mkwe. Eti niende Kaloleni na leso mpya na sukari, nipige magoti, nimwombe mama radhi.

"Utaenda?" akaniuliza, polepole.

Nitaenda, Menza. Leso nitanunua. Nitapita mlangoni kwa mamako, nizunguke nyuma ya nyumba, nimtandikie mwanangu juu ya kaburi lake.

Lakini radhi siombi.

Siombi!