Sura Kumi na Nne za Kucheka

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidole alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, simu ya mama yake mkononi, akingoja kuamriwa. Jina hilo la utani binti huyu wa miaka kumi na miwili alipewa na wenzake, maana kidole gumba chake kilikimbia juu ya vitufe kama kuku aliyeona mtama. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na pini zake alizibana mdomoni. Kwa hiyo ujumbe wote kwa wateja ulipenya kwanza katikati ya pini sita.

Ijumaa moja nguo kumi na nne zilikuwa tayari kwa mpigo.

"Mwandikie mwenye gauni la kijani," mama alisema. "Gauni tayari. Aje na hela. Akichelewa, nalivaa mimi."

Kidole akaandika neno kwa neno. Aliposoma, aliona ukali mtupu, kama barua ya polisi. Akaongeza mwishoni sura moja ya njano inayocheka. Simu ikauliza jambo, akabonyeza "ndiyo" bila kusoma, ujumbe ukaenda. Akafanya hivyo kwa wateja wote.

Kesho yake mama alitaka kumpigia muuza zipu. Simu ikamjibu kwamba salio halitoshi. Mama akatema pini zote kiganjani. Hasira aliyokuwa nayo ingepiga pasi magauni ishirini bila mkaa.

"Juzi tu nimeweka vocha ya wiki nzima! Umempigia nani?"

"Sijampigia mtu, mama."

"Kwa hiyo salio limeota miguu? Unapiga soga na wenzako kwa jasho langu! Kumbe nimefuga mwizi humu ndani!"

Kidole alizoea kuitwa mvivu, hata mchafu, maana hayo yalikuwa na ukweli kidogo. Lakini mwizi! Machozi ya hasira yakamjaa.

"Mimi si mwizi! Muulize aliyekuuzia! Labda amekupa vocha iliyokwisha kutumika!"

Alisema tu, mradi lile neno limtoke yeye. Mama hakungoja hata viatu. Alivuka barabara, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, Kidole akimkimbilia nyuma, mpaka kwenye kibanda cha mzee wa vocha.

"Wewe mzee! Umeniuzia hewa!"

"Hewa gani?"

"Unauliza gani? Kwani unauza za aina ngapi?"

Watu wakaanza kujaa. Mwendesha pikipiki mmoja alizima injini ili asikose neno. Mwanamke aliyekuwa ameshanyoosha pesa anunue vocha akairudisha kwenye pochi, akaanza kuondoka.

Mzee akainuka. "Miaka kumi na tisa nakaa hapa, sijawahi kuitwa mwizi! Lete hiyo simu!" Akavaa miwani, akabonyeza, akasoma. "Haya. Ujumbe wa picha kumi na nne, jana. Mmoja unakatwa bei ya ujumbe kumi wa kawaida."

"Picha? Mimi kupiga picha sijui! Usinizulie!"

"Si lazima upige. Kwenye simu ya zamani kama hii, ukitia hata sura moja ya kucheka, maandishi yanageuzwa kuwa picha. Simu inakuuliza kwanza. Ukisema ndiyo, unakatwa."

Kidole akalikumbuka lile swali la simu. Mama alikuwa bado anafoka, na Kidole alimjua: mama hashindwi ugomvi. Akishinda huu, mzee atabaki na jina la mwizi mbele ya wateja wake, neno lile lile lililomchoma yeye muda mfupi uliopita.

"Ni mimi!" akapaza sauti. "Mimi ndiye niliyetia sura. Simu iliniuliza, nikabonyeza ndiyo mara zote kumi na nne bila kusoma. Babu hana kosa. Nilimsingizia."

Mama akageuka polepole. "Sura za nini?"

"Maneno yako yalikuwa makali, mama."

Mwendesha pikipiki akaangua kicheko. Mama alimtazama mara moja tu. Yule wa pikipiki akawasha injini akaenda zake.

"Mzee wangu," mama akasema, "nimekuvunjia heshima mbele za watu, na radhi naomba mbele yao hao hao. Na wewe dada, rudi ununue. Vocha za mzee ni nzima."

"Nimesikia," mzee akajibu. "Hasira haijaniisha, lakini nimesikia."

Njiani Kidole aliinamisha kichwa.

"Utashona vifungo wiki nzima," mama akasema. "Na ukiulizwa swali, hata na simu, lisome kwanza ndipo ujibu. Mimi nilikuita mwizi kabla ya kuchunguza, nisamehe. Wewe ukamtupia mzee wa watu. Neno baya tulilirusha kama mpira mpaka likamwangukia asiyehusika, na aliyelisimamisha ni wewe. Nimekasirika, na nitakasirika mpaka jioni. Lakini kwa kusema kweli pale, mwanangu, sikukukasirikia hata kidogo."