Mende wa Dada na Glovu za Fundi

Duniani kuna viumbe wawili tu wasiojua kinyaa: nzi na mimi. Na nzi mwenyewe huwa namwonea huruma, maana kuna mahali hatui. Kwa hiyo mmepata bahati: hadithi hii ya mapenzi ni chafu kuliko sinki la kapera, lakini anayeisimulia ana tumbo la chuma.

Dada yangu ni msusi. Ana saluni ya chumba kimoja, na kwenye kona, chini ya meza, ndipo ilipokaa kompyuta yake ya gemu, ile aliyoinunua ikiwa imeshaundwa, boksi jeusi lenye kioo ubavuni na taa za rangi rangi. Akifunga kazi jioni anavua aproni, anashindana mbio za magari na watu asiowajua, na kuwatukana kwa upendo. Lakini gemu mpya ilipotoka, gari lake likawa linakwenda kwa kurukaruka kama chura aliyeungua. Akaamua kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini, ibadilishwe.

Tukaingia jengo la mafundi, watu wamebanana kama njiti za kiberiti. Dada mbele, gauni la manjano, viatu vyeupe, anapasua umati kwa kiwiko. Mimi nyuma nimekumbatia boksi. Penye ngazi, kiwiko kikamkuta kijana mmoja mbavuni. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, glovu za bluu mikononi, barakoa kidevuni.

"Samahani, daktari," dada akasema. "Wodi ya kompyuta iko wapi?"

"Umeshafika. Mgonjwa anaumwa nini?"

"Macho. Haoni vizuri."

"Na aliyempiga daktari kiwiko, yeye anaona nini?"

"Anaona daktari hajafa."

Kumbe kibanda kilikuwa chake. Fundi yule alikuwa na kinyaa cha kuzaliwa nacho: bisibisi anaifuta kwa spiriti, mkono hampi mtu, chai hainywi kwenye kikombe cha mwenzake hata mwenzake akiwa mama yake mzazi. Akafungua skrubu, akavuta kile kioo cha ubavuni.

Nywele. Za wateja wote tangu saluni ifunguliwe, za kweli na za bandia, feni zimezisokota zikawa blanketi, mafuta ya nywele yamezigandisha. Ndani ya blanketi, mende. Wengine wamekauka. Mmoja, mnene, akatutazama kama mwenye nyumba aliyeingiliwa chumbani. Ikatoka harufu ya mafuta yaliyochacha na kitu kilichokufa bila kuoga.

Fundi akapandisha barakoa, akageukia ukuta, mgongo ukaanza kupanda na kushuka. Dada akacheka mpaka akashikilia meza.

"Mama yangu! Unaishi na hiki kitu?" fundi akauliza.

"Usimwite kitu. Huyo ni mpangaji wangu wa siku nyingi."

"Dada, mimi siwezi."

"Basi nielekeze kwa fundi mwanamume."

Hapo ndipo fundi alipokwisha. Moyoni akasema, huyu nitamfia (ya moyoni nayajua, msiniulize najuaje), akavaa glovu za pili juu ya zile za kwanza.

Kazi haikuwa ya siku moja. Kadi mpya ilikuwa ndefu, ikagonga kijitreya cha ndani cha kuwekea diski, ikabidi kitolewe. Na pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme, walioiunda kompyuta waliweka dogo kama uji wa mgonjwa; kubwa likaagizwa, likasubiriwa. Katika kusubiri, simu zikashika moto.

"Mgonjwa kalalaje?" dada anauliza huku anasuka, simu ameibana begani.

"Salama. Leo nimemtoa unywele mwekundu kwenye feni."

"Huo wa mke wa mwenye nyumba. Usimwambie mtu, anasema hatii rangi."

"Siri yako ni yangu."

"Na daktari mwenyewe kalalaje?"

"Sijalala. Najikuna tu. Nahisi mende mwili mzima."

"Hao si mende. Ni mapenzi hayo, mpenzi."

Saluni nzima ikaacha kutafuna bazoka.

Siku ya kuichukua, fundi akaiwasha mbele yetu kwenye skrini yake. Gari likateleza kama limepakwa siagi. Dada akapiga kelele, akamshika mkono wenye glovu, na fundi hakuufuta. Kazi yangu ikabaki ndogo: kuibeba hadi saluni na kuchomeka nyaya. Nikachomeka kitaalamu, nikatoka nje kidogo kupunga hewa.

Jioni dada akakaa, akawasha. Chura yuleyule, na sasa kavunjika mguu. Akapiga simu.

"Umenionyesha kadi nyingine, ukaniwekea nyingine!"

"Mpenzi, hebu tulia, niambie—"

"Usiniite mpenzi kwa mdomo huo! Kumbe glovu ni za kuficha alama za vidole!"

"Mimi? Niliyetoa nywele za mji mzima kwa mikono yangu?"

"Bora wale mende, hawanidanganyi. Nakuonea kinyaa!"

Akakata. Saluni ni redio isiyozimwa. Kabla kesho yake haijafika mchana, mji ulishajua kuwa fundi wa glovu anabadilisha kadi za watu. Waliompelekea mashine wakaenda kuzichukua zikiwa bado wazi, waya zinaning'inia kama matumbo. Akabaki anafuta bisibisi ambazo hakuna aliyezitumia. Dada naye akawa anasuka mistari inayokwenda kama nyayo za mlevi, na mteja akilalamika, anamwambia ni mtindo mpya.

Kisha fundi akaja. Saluni imejaa, shangazi yetu yuko chini ya draya, fundi amesimama mlangoni, shati limekunjamana, mikono mitupu.

"Glovu ziko wapi?" dada akauliza, mkali.

"Umesema zinaficha alama. Nimekuja bila kitu. Nikikuta kadi siyo niliyoiweka, waite polisi, nitawasubiri papa hapa."

Akapiga magoti. Akaingiza mkono nyuma ya meza, pale maji ya sinki, jeli na nywele vinapokutana na kuzaana. Kitu kikatoa sauti ya kunyonya. Fundi akaziba mdomo kwa bega, machozi yakamtoka, mkono hakuutoa. Akavuta boksi, akawasha tochi ya simu.

"Kadi ni ileile. Nani alichomeka waya wa skrini?"

"Kwa nini?" nikauliza.

"Umechomekwa tundu la juu, la madabodi, ule ubao mkuu; picha haipiti kwenye kadi kabisa. Kadi ina matundu yake, haya ya chini. Umelisha jirani, mwenye nyumba kalala njaa."

Akauhamisha. Gari likateleza kama siagi.

"Nyaya za siku hizi," nikasema, "zina tabia ya kuhama."

Dada hakunisikia. Alikuwa anautazama ule mkono, unamtiririka uchafu mpaka kwenye kiwiko.

"Nisamehe," akasema. "Nimekuchafua mji mzima."

"Wataoshwa masikio polepole."

"Na wewe bado unaniona mchafu?"

"Sana. Mimi nywele za watu zinanitapisha. Lakini nikifikiria bafu langu limeziba, nami nimeinama navuta nywele kwenye tundu la maji, nataka ziwe zako. Mpaka uzeeni."

"Huko ndiko kuposa?"

"Ndiko."

"Kinyaa gani hiki!" dada akasema, akaushika ule mkono na uchafu wake wote. "Nimekubali."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikatikisa kichwa. "Jamani, hata sisi tusiojua kinyaa—"

Shangazi akainua draya kichwani.

"Nani asiyejua kinyaa? Wewe mtoto wa kaka yangu? Mimi tangu siku ile ulipochomeka nyaya ndio kwanza nimerudi leo, kumbe watu wameachana?"

"Shangazi, siku ile ulikuwa umefunikwa na draya."

"Kichwa. Macho yalikuwa kwenye kioo. Mende alikupanda kiganjani, ukafumba macho, ukachomeka waya tundu la kwanza ulilopapasa, ukakimbia na mkono mdomoni." Akanitazama kwa huruma. "Ila kuna kitu kimoja sikukiona, baba. Ile ndoo ya kuoshea nywele uliyotapikia, uliiosha?"

Wateja wote wakashika vichwa.