Moduli ya Reino

Saa kumi na nusu jioni, giza lilikuwa limeshaanza kushuka juu ya Duluth, mji wa kando ya ziwa kaskazini mwa Marekani, kama kawaida ya Januari. Tuula Niemi alikwenda nyumbani kwa kaka yake Reino kufunga maji, mabomba yasije yakapasuka kwa baridi. Reino alizama ziwani mwezi Novemba, barafu ikiwa bado changa. Mwili haukuonekana.

Mezani kwake palikuwa na flashi. Ilikuwa imebandikwa kikaratasi: *Ya kitabu cha mama.*

Tuula akaitia mfukoni.

Kitabu chenyewe kilikuwa faili moja la kurasa mia mbili na kumi. Kwa miaka mitatu mama yao alisimulia, Tuula akachapa: nani alizaliwa shamba lipi, nani alizikwa bila jiwe. Mama alipokwama, Tuula aliacha nukta tatu. Sasa mama alikuwa katika nyumba ya wazee, na kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Habari za ukoo zilibaki katika faili hilo tu.

Ndani ya flashi mlikuwa na moduli, kipande cha programu kinachopakiwa kwenye kihariri cha maandishi, yaani programu ya kuandikia, ili kukiongezea uwezo. Tuula na Reino walikuwa wakiishi kwa kuandika vipande hivyo. Lakini hiki kilikuwa kimeshageuzwa kuwa lugha ya mashine. Msimbo ambao mtu angeweza kuusoma haukuwamo.

"Usikipakie," alisema Orvo, binamu yake, aliyekuja nyumbani kwa Tuula usiku huo kula supu ya samaki akabaki kumsema. "Kazini unawafokea watu kwa kosa hili hili."

"Ni cha kaka yangu, Orvo."

"Hata kama. Kikishaingia hakitoki mpaka ukizime kihariri chote. Na hicho chako hujakizima tangu lini? Tangu vita vya Vietnam?"

Akacheka peke yake. Tuula akabonyeza.

Skrini haikubadilika.

Kisha nukta tatu za ukurasa wa kwanza wa kitabu zikajijaza.

*Mbwa wetu aliitwa Halla. Alikufa siku tuliyochimba viazi.*

Ilikuwa kweli. Tuula alifunika mdomo kwa kiganja. Pengo baada ya pengo likazibwa, kwa maneno ya mama, kwa namna mama alivyokuwa akisita. Chumbani kukaanza kunuka... maji ya ziwa. Matope. Sufu iliyolowa.

"Ukurasa wa arobaini," Orvo alinong'ona. "Hebu soma."

*Nilizaa watoto wawili, Reino na Tuula.*

Herufi zikaanza kufutika, moja moja, bila haraka.

*Nilizaa mtoto mmoja.*

Tuula akarudisha maneno. Yakafutika. Akarudisha tena. Yakafutika.

Hapo vidole vyake vikafanya vilichozoea kwa miaka ishirini. Kila kitu alikifanyia ndani ya kihariri kile kile; hakuwahi kutoka. Akafungua nakala ya akiba ya Oktoba, ahakikishe iko salama. Jina lake likafutika. Akafungua ya Juni. Likafutika. Ya mwaka juzi...

"Tuula, acha! Unazifungua humo humo!"

Tuula akaondoa vidole. Alikuwa amefungua nakala zote kumi na moja. Na kihariri, kama yeye mwenyewe alivyokiagiza, kilihifadhi kila badiliko papo hapo.

Akakizima. Harufu haikuondoka.

Akatafuta karatasi na kalamu, akapiga simu nyumba ya wazee. Muuguzi akampa mama simu.

"Mama, ni mimi, Tuula. Niambie tena, polepole, niandike. Ulizaa watoto wangapi?"

"Mmoja." Sauti ilikuwa safi, Tuula hakuwa ameisikia hivyo kwa mwaka mzima. "Reino. Yuko hapa, amekaa kitandani. Kalowa mwanangu, nimempa blanketi langu."

"Mama... Reino alishakufa."

Tuula akakaza simu sikioni. Upande wa pili, kitu kilikuwa kikidondoka sakafuni.

Tone.

Tone.

Kisha mama akanong'ona, lakini si kwake.

"Sijui, mwanangu. Ni mwanamke tu. Analia."