Kibodi ya Nélida

Saa sita mchana galeria ya simu ya Barabara ya Wilson, mjini Lima, jengo zima la vibanda vya mafundi, ilikuwa imejaa watu mpaka kwenye ngazi. Nélida alipenya katikati yao ameinua simu juu kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani. Alivaa gauni la rangi ya haradali alilolishona mwenyewe, kiuno kimebanwa vizuri, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Alitoka Gamarra, kwenye vyumba vya mafundi nguo, na hasira zilikuwa juu.

"Nani hapa anajua kazi kweli? Sitaki wa kubahatisha!"

"Wa kubahatisha wako ghorofa ya pili, dada," alijibu Rómulo, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. "Inaumwa nini?"

"Kibodi. Nikigusa pa kuandika haitokei. Ikitokea, nikiandika neno moja tu inazama. Mteja ananiuliza kama sketi zake ziko tayari, mimi nimekodoa macho. Ananiona nina dharau!"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Watu wanatengeneza simu inayopiga picha za mashimo ya mwezini, halafu wanashindwa kuzituliza herufi thelathini mahali pake!

Rómulo aliizima simu, akaiwasha. Akasafisha takataka zilizojikusanya kwenye kibodi, akaondoa kibodi nyingine mbili zilizoingia pamoja na programu ya kutabiri nyota. Kibodi ikatokea, ikatulia.

"Naongeza zawadi," alisema, akiwasha kitufe kimoja. "Sasa itabana chaji, ikufikishe jioni. Ikisumbua, nipigie. Isiposumbua, nipigie pia."

"Mjanja wewe!"

"Fundi tu, bibie."

Nélida alimpigia. Kwa wiki sita walizungumza kila saa ya chakula, na Jumapili walitembea bustanini wakila pikarone za moto, vile vitumbua vya boga, asali ikiwachuruzika vidoleni. Rómulo alimwita "malkia wangu", naye Nélida akamwita "fundi wangu".

Lakini kwetu Lima mwanamume hana mchumba mpaka aombe na ajibiwe, na tarehe ikumbukwe. Jumanne asubuhi Rómulo akaandika: "Nélida, unakubali kuwa na mimi?"

Tiki mbili zikageuka buluu. Skrini ikasema anaandika. Ikanyamaza. Anaandika tena. Kimya. Mpaka saa kumi na moja jioni hakuna hata nukta. Kuachwa kwenye tiki za buluu si jambo dogo kwa kijana wa mjini. Rómulo akavimba, akaifungia namba ya Nélida.

Nusu saa baadaye Nélida alipiga. Akapiga mara kumi na moja, simu isiite hata mara moja.

Jumatano asubuhi alitua galeria amevaa nyekundu.

"Umenifungia!"

"Umesoma, ukanyamaza," Rómulo alijibu bila kuinua macho. "Siku nzima unaandika, unafuta. Kama hapana, si useme hapana?"

"Nafuta nini? Kibodi imezama! Nimeigonga mpaka ukucha umekatika!"

"Ungepiga mapema."

"Jibu kama lile nilitaka nikuandikie, ulitunze! Wewe mwanaume mzima, kazi yako simu. Simu hii umeitengeneza kwa mikono yako miwili. Ilipokwama ukashuku nini? Waya? Programu? Ukaushuku moyo wangu!"

Bisibisi zote zilisimama.

Bi Zoraida, fundi wa kibanda cha jirani, alishusha miwani puani na kunyoosha mkono. "Lete hapa, binti." Akaingia kwenye mipangilio. "Nani aliiweka hii ibane chaji? Betri ikishuka, simu inazizima programu moja moja, na kibodi nayo imo!"

"Mimi," alisema Rómulo.

"Hongera, bwana fundi." Bi Zoraida aliitoa kibodi kwenye orodha ya kuzimwa, akaiwasha simu upya. "Haya, mwandikie."

"Siandiki," alisema Nélida. "Aniombe kwa mdomo, hapa, wote wasikie."

Rómulo alitoka nyuma ya meza. Masikio yalikuwa yanamwaka.

"Nisamehe, malkia wangu. Nilijiona fundi sana, nikasahau kwamba nakosea. Nélida, unakubali kuwa na mimi?"

"Nifungulie namba kwanza."

Akafungua.

"Nakubali. Leo tarehe kumi na saba. Ole wako uisahau."

Galeria nzima ikapiga makofi. Rómulo akamkumbatia, kisha kwa furaha akanyoosha mkono: "Lete simu niikague tena, mpenzi."

Nélida akaificha nyuma ya mgongo.

"Mimi nichukue," alisema. "Simu fundi wake ni Bi Zoraida."