Nyongeza ya Nyumba ya Heru Juu

Asmahani alifunga duka lake mapema siku ile, akamwambia bodaboda amkimbize Heru Juu kabla jua halijazama. Kwapani alikuwa na chupa ya uji wa mama yake. Uji wa ulezi, mwembamba, maana Bi Safina alikuwa hatafuni tena. Miguu nayo ilishamkatalia. Akawa mtu wa kulala na kugeuzwa, na kutwa nzima, mwanawe akiwa dukani Kasulu mjini, alibaki peke yake ndani ya nyumba ile, yeye na inzi, ila jirani mmoja alipoingia mara moja mchana kumgeuza.

Ndiyo sababu nyumba ilikuwa inauzwa. Mdogo wake Asmahani, Firdausi, anaishi Kibondo, hatua chache kutoka hospitali, na fremu ya duka ilikuwepo tayari jirani naye. Ilibaki nyumba ipate mtu tu, dada ahame na mama, wamuuguze wawili. Isipouzika, bibi wa watu atatoboka vidonda mgongoni akisubiri jioni ifike. Hiyo tu. Asmahani hakuwa na tamaa nyingine, na msije mkamsingizia.

Dalali wake, Makarius, alikuwa amemfunda kama mwali. "Dada Asma, wateja wa mwanzo wanakuja kunusa tu. Usiwaoneshe shida yako. Taja milioni ishirini na mbili, ukomee kumi na nane. Na usimfukuze mtu. Mwache aongee mpaka achoke mwenyewe." Alishakuja mwalimu mmoja, Raymond, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka mbali. Akagonga bati, akachungulia choo, akaguna, akatoa kumi na tano. Asmahani alimsonya kimoyomoyo. Laiti angelijua, angemkimbilia yule mwalimu mpaka barabarani akamshika shati.

Aliposhuka kwenye pikipiki alikuta mtu amesimama barazani.

"Mwakeye," yule mtu akasema.

Hiyo ni salamu ya Waha ya asubuhi. Jua lilikuwa linazama.

Shati jeupe, limepigwa pasi. Viatu vinang'aa. Lakini ule mdomo, jamani... Ulikuwa umelowa. Midomo minene, imefunuka kwa chini, na kwenye pembe zake povu jeupe ambalo alilirudisha kwa ulimi kila alipomaliza neno. Akajitaja jina, Venanti. Amesikia nyumba inauzwa. Harufu yake ilifika kabla hajanyoosha mkono: migebuka, samaki wa ziwani, iliyosahauliwa kwenye ndoo, halafu juu yake marashi. Na mkono wenyewe ulikuwa vuguvugu, unateleza. Asmahani akaufutia wake kwenye dera, nyuma ya mgongo, huku anatabasamu. Biashara ni biashara, akajisemea.

Akamzungusha. Mtu hakuuliza hati. Hakuuliza mpaka unaishia wapi, wala maji yanatoka lini. Alikuwa ananusa. Akanusa kona ya sebule. Akanusa fremu ya mlango, chini mpaka juu. Kisha akatia kidole gumba mdomoni, akakilowesha, akakiburuta ukutani, akakirudisha mdomoni kulekule.

Mnyu... mnyu... mnyu...

"Chokaa ya zamani," akanong'ona. "Imeshika jasho la watu. Nzuri."

Sasa mtu mwenye akili zake si angemtoa mbio? Lakini Asmahani alikuwa muuza duka. Amewaona wanaong'ata maharage mabichi kupima kama yamekauka, na wanaotafuna mchele kisha wakautema sakafuni kwake. Akajiambia, na huyu ndivyo anavyopima.

Mbele ya mlango wa chumba cha Bi Safina yule mtu akasimama. Koo likapanda, likashuka.

"Humu mna nani?"

"Mama yangu. Mgonjwa. Tuongee taratibu, amelala."

Wakakaa sebuleni. Asmahani akawasha taa, akataja ishirini na mbili, akajiandaa kwa makelele ya siku zote, mara nyumba mbovu, mara barabara haifiki, mara mimi ni mtu wa hali ya chini, nifikirie.

"Sawa," mtu akasema.

"Sawa nini?"

"Bei hiyohiyo. Sipunguzi hata mia. Ila utanipa nyongeza."

Asmahani akacheka kwa furaha. Kumbe hilo tu! Nyongeza ndiyo iliyompa jina pale Kasulu. Ukinunua kwake kopo la dagaa, anakurushia kiganja kimoja juu. Mtoto akitumwa sukari, anarudi na pipi. Wakongo wa kambi ya wakimbizi wakija humwambia, "Mama, na matabishi yetu?" naye huwapa, hata wakiwa wamenunua kiberiti. Na humo ndani kitanda cha ziada kilikuwepo, kabati lilikuwepo, jiko la mkaa lilikuwepo, vyote vya kuachwa. Kwa hiyo mdomo ukamponyoka, ule wa dukani.

"Chagua tu mwenyewe, kaka yangu. Chochote kilichomo humu."

Yule mtu akafumba macho. Akavuta pumzi. Ndefu... ndefu... mpaka pua zikapiga mluzi.

"Huyo aliyelala."

Asmahani akadhani ni mzaha wa kilevi. Akamtazama. Mtu hakucheka.

"Toka," akamwambia kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Toka nyumbani kwangu."

Hakutoka. Alifungua mfuko wake, akaanza kupanga mezani mafungu ya noti, moja juu ya jingine, na noti zenyewe zilikuwa na unyevu. Zilikuwa zote. "Mzima simtaki," akanong'ona, kwa upole kabisa. "Siwezi kummaliza. Nipe miguu. Si haitumii?"

Sikilizeni vizuri hapa. Mtu akiombwa miguu ya mama yake anapiga yowe. Anaita majirani, anamwita Mungu wake, anashika mchi. Asmahani alifungua mdomo apige yowe, wallahi alifungua. Kilichotoka ni maneno aliyoyasema miaka yote nyuma ya kaunta.

"Hiyo ni nyingi mno."

Akajisikia mwenyewe.

Loh! Maana kwa mtu wa biashara, "nyingi mno" si kukataa. Ni kumwambia mwenzako shuka kidogo, tuelewane. Na yule mtu alilijua hilo. Povu likamchemka mdomoni kwa furaha.

"Sasa tunaongea, dada. Mmoja, basi."

"Hapana."

"Vidole."

"Hapana, hapana..."

"Kucha. Kucha zinaota tena."

Chumbani kitanda kikalia. Bi Safina akakohoa, kile kikohozi chake cha kuvuta mbali. Asmahani alitaka mtu yule aondoke kabla mama hajaamka. Na alizitaka zile pesa, tuseme ukweli. Zilikuwa mezani, na Kibondo yote ilikuwa ndani yake, kitanda kisafi, daktari, Firdausi. Kila alipokataa, mwenzake alishuka. Na yeye, aibu gani hii, alianza kujiona anashinda.

Mwisho yule mtu akanyoosha kidole kwenye kigoda kilichokuwa mlangoni kwa mgonjwa. Palikuwa na bakuli la uji wa asubuhi. Bi Safina alikunywa vijiko viwili, vilivyobaki akavitema humohumo. Uji ulikuwa umefanya utando wa kijivu. Makohozi yalielea pembeni, na inzi mmoja alikuwa amezama nusu, anapigapiga bawa.

"Makombo hayo, basi," akasema. "Si ungeyamwaga?"

Angeyamwaga. Ni kweli angeyamwaga. Asmahani akashusha pumzi, akalichukua bakuli kwa mkono wake, akampa.

"Chukua. Chukua uende."

Angekunywa haraka afadhali. Lakini hakuwa na haraka. Aliuinua ule utando kwa vidole viwili, akauning'iniza, akauteremsha kooni polepole na macho yamefumbwa. Makohozi akayatia mdomoni, akayasukuma shavu hili, akayarudisha shavu lile, anayasukutua, ndipo akayameza. Yule inzi naye akatafunwa. Akalamba bakuli. Akalamba kijiko, mbele na nyuma. Kisha akakiona kitambaa cha kumpangusia bibi mate, akakitia chote mdomoni, akakikamua kwa meno mpaka kikatoka kikavu.

Asmahani alitapika palepale, juu ya miguu yake mwenyewe.

Mtu akayatazama yale matapishi. Akamtazama Asmahani.

"Na hayo," akauliza kwa adabu, "nayo unayamwaga?"

Hapo ndipo yowe lilipotoka. Mtu akainuka, akaaga vizuri, akaenda zake njia ya migombani. Pesa aliziacha.

Na zilikuwa pesa, nakuambieni. Benki walizipokea. Kwenye maandikishano, mbele ya mwenyekiti na mashahidi, Venanti alikuja kwa wakati, akatia sahihi, ananukia sabuni, hakuna aliyeona lolote. Makarius alichukua chake akamsifu Asmahani mjini kote kwamba ni mwanamke asiyeshusha bei. Mtu pekee aliyeambiwa habari za bakuli ni Josepha, jirani, aliyekuwa akiingia mchana kumgeuza mgonjwa. Josepha aliweka mikono kichwani.

"Ulimpa wewe? Kwa mkono wako? Na ukamwambia chukua?"

"Makombo tu, Josepha. Makombo!"

"Dada, makombo ya mgonjwa sisi tunayafukia, hata mbwa asiyaguse. Ukimpa mtu, umempa na mdomo ulioyatema."

"Mdomo wa nani?"

Josepha alichukua jembe lake, akarudi kwake, na siku ya kuhama hakuja kuaga.

Kibondo waliingia salama. Chumba safi, chandarua kipya, godoro la kuzuia vidonda. Na hebu ona maajabu: siku ya pili tu Bi Safina akaanza kula. Bakuli zima la uji likaisha. Likaisha la pili. Firdausi akapiga vigelegele. Wakajaribu wali, ukaenda. Wakajaribu nyama, na mwanamke asiyekuwa na jino la kutafunia akaitafuna, tena na mfupa wake, wakamsikia akiusaga. Vigelegele vikakoma hapo. Kusema alikuwa hasemi tena. Mdomo ulikuwa wa kula tu.

Na alikuwa anakonda. Kila bakuli lililoingia, yeye alipungua, mpaka pete ya ndoa ikamtoka kidoleni ikaanguka chini ya kitanda. Daktari alipima damu, akapima choo, akatikisa kichwa. Mnamlisha? Tunamlisha. Basi endeleeni, akasema, mkiacha mtampoteza.

Asmahani alirudi Heru Juu na pesa zilizobaki, avunje mauzo. Alikuta nyumba imefungwa. Akamgongea Josepha. Josepha alimjibu kutoka ndani, bila kufungua, kwamba mnunuzi hakuwahi kuhamia na kwamba hakuna anayejua kwao ni wapi. Alimwomba pia asigonge tena.

Akarudi Kibondo jioni ile, akapokea bakuli kutoka kwa Firdausi, akakaa kitandani. Bi Safina alimtazama. Macho yalikuwa yake, ya mama yake kabisa, na yalikuwa yanatiririka machozi. Asmahani akainua kijiko. Mkono wa mama ukatoka chini ya shuka, mwepesi, mifupa mitupu, ukamshika kifundo cha mkono. Ukasukuma. Ulikuwa unakikataa kijiko kwa nguvu zote zilizobaki.

Mdomo ukafunguka.

Ukafunguka zaidi, umelowa, povu jeupe kwenye pembe zake, na ulimi ukatoka kukifuata kijiko.

Asmahani akautazama ule mkono. Akautazama ule mdomo. Akayakumbuka maneno ya daktari. Akaubandua mkono wa mama yake taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, akaulaza kwenye godoro, akaukalia kwa paja ili usiinuke tena, akaendelea kulisha.